Tiba ya Tabia kwa Watoto Wenye Usonji: Huduma za Umma Zinavyomfikia Mtoto wa Mbeya na Iringa

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana, anavyohusiana na watu na anavyopokea sauti, mwanga, mguso na ladha. Hauambukizi, hausababishwi na malezi mabaya wala ushirikina, na hakuna dawa ya kuuondoa. Kinachoweza kubadilika ni stadi za mtoto: kuomba anachotaka, kula, kuvaa, kunawa, kusubiri zamu, kukaa na wenzake. Stadi hizo hufundishika, na hufundishika vyema zaidi mafunzo yanapoanza mapema, mtoto akiwa bado hajafikia umri wa kwenda shule.

Kwa familia za mikoa ya Mbeya na Iringa, swali kubwa ni mahali pa kupata mafunzo hayo bila mzazi kulazimika kuuza shamba au kuhamia Dar es Salaam. Makala haya yanaeleza tiba ya tabia ni nini, kwa nini gharama yake ni changamoto kwa mfumo wowote wa huduma za umma, na mzazi aanzie wapi.

Ukubwa wa suala

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,343,754 katika Mkoa wa Mbeya na 1,192,728 katika Mkoa wa Iringa. Uwiano huo wa dunia ukichukuliwa kama kipimo cha kukadiria tu, mikoa hii miwili ingekuwa na watu wapatao 27,800 wa rika zote wenye usonji. Idadi hiyo haitokani na upimaji uliofanyika mikoani humo. Hata hivyo, inatosha kuonesha kuwa usonji hauwezi kuachiwa kliniki moja ya mjini, kwa kuwa watoto hao wako Kyela, Chunya na Mbarali kama walivyo Kilolo na Mufindi.

Tiba ya tabia hufanyaje kazi

Tiba ya tabia hujengwa juu ya kanuni mbili. Kanuni ya kwanza ni kuligawa jambo kubwa katika hatua ndogo na kumpongeza mtoto kila anapofaulu hatua moja. Mfano ni kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi: kukanyaga kijiti, kulowesha mikono, kuchukua sabuni, kusugua, kusuuza, kukung'uta maji. Mzazi anaweza kumwongoza mtoto kwa kumshika mkono katika hatua zote, akamwachia ile ya mwisho aifanye peke yake na kumsifu papo hapo. Akiimudu, huachiwa hatua mbili za mwisho, kisha tatu, hadi siku anaponawa mwenyewe kuanzia mwanzo. Msaada hupunguzwa kidogo kidogo ili mtoto asiuzoee.

Kanuni ya pili ni kuchunguza kinachotangulia tendo na kinachofuata baada yake. Mtoto anayepiga mayowe katika Soko la Mwanjelwa huenda ameelemewa na kelele. Kila anapopiga mayowe hutolewa nje, hivyo hujifunza kuwa mayowe ndiyo njia ya kutoka. Mtaalamu humfundisha njia nyingine ya kuomba jambo hilo hilo, kwa mfano kuonesha picha au ishara ya mkono, na mzazi huiheshimu mara moja kila inapotumika. Kadhalika, mtoto anayevua sweta asubuhi ya baridi ya Julai anaweza kuwa anaumizwa na mguso wa sufu, wala si mkaidi. Kubadili kitambaa kunaweza kumaliza ugomvi ambao fimbo isingeumaliza.

Adhabu hazina nafasi katika tiba hii. Zilitumika katika baadhi ya majaribio ya miongo ya awali, zikakosolewa vikali, wakiwamo waliozikosoa watu wazima wenye usonji wenyewe. Lengo si kumfanya mtoto aonekane kama wengine. Mtoto anayepunga mikono kwa furaha bila kujiumiza wala kumuumiza mwenzake hahitaji kuzuiwa.

Hesabu inayoamua sura ya huduma

Utafiti uliojulikana zaidi kuhusu tiba hii ulichapishwa mwaka 1987 na Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Watoto 19 walipewa tiba ya mtu mmoja kwa mtoto mmoja, kwa takriban saa 40 kwa wiki, kwa miaka 2 au zaidi. Watoto 9 kati yao walifikia kiwango cha kawaida cha upimaji wa akili na kuendelea vizuri darasa la kwanza. Wataalamu waliofuata walieleza kuwa idadi ya watoto ilikuwa ndogo na hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, hivyo matokeo hayo hayapaswi kuchukuliwa kama ahadi kwa kila mtoto.

Kwa mpangaji wa huduma za umma, jambo zito zaidi katika utafiti huo ni zile saa 40. Hizo ni takriban saa zote za kazi za mtumishi mmoja kwa wiki. Kwa mtindo huo, mtaalamu mmoja humhudumia mtoto mmoja tu, na akimaliza miaka 2 humpokea mwingine. Hakuna halmashauri ya Nyanda za Juu Kusini inayoweza kuajiri kwa uwiano huo, na hata nchi tajiri huupata kwa shida.

Njia ya pili ni kumfundisha mlezi. WHO imeandaa programu ya mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wa umri wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji, ukiwamo usonji. Programu hiyo ina vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na imeundwa ili iendeshwe na watu wasio mabingwa waliopata mafunzo na usimamizi. Imefanyiwa majaribio katika nchi mbalimbali, zikiwamo Ethiopia na Kenya. Mlezi hupata mikutano 12, kisha saa nyingine zote za mafunzo hufanyika jikoni, shambani na kwenye michezo ya kila siku. Njia hii haichukui nafasi ya mtaalamu kwa mtoto mwenye mahitaji makubwa. Faida yake ni kwamba kikundi kimoja hufikia familia kadhaa kwa muda ambao mtindo wa saa 40 ungemtumikia mtoto mmoja.

Mlango wa kwanza: kliniki ya mtoto

Huduma ya umma inayomfikia karibu kila mtoto wa Mbeya na Iringa ni kliniki ya chanjo na upimaji wa uzito. Dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, umri ambao dalili nyingi za usonji huanza kuonekana. Siku hiyo mzazi anaweza kumweleza muuguzi ikiwa mtoto haitiki anapoitwa kwa jina, hatazami usoni, haoneshi kitu kwa kidole au amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Mtoto asiyeunganisha maneno mawili akifikia miezi 24 naye anahitaji kuchunguzwa.

Kukutana kwa umri wa chanjo na umri wa dalili ndiko kulikozaa dhana kwamba chanjo husababisha usonji. Makala ya mwaka 1998 ya jarida la Lancet iliyoeneza dhana hiyo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikupata uhusiano wowote. Mzazi anayeacha chanjo humwacha mtoto wazi kwa surua na hukosa siku muhimu ya kumchunguza.

Mlango wa pili: hospitali za rufaa

Kutoka zahanati au kituo cha afya, mtoto hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Iringa au Mbeya. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, yenye Kitengo cha Wazazi Meta kwa ajili ya mama na mtoto. Hatua ya kwanza huwa ni kupima usikivu, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitiki anapoitwa. Daktari pia huuliza kuhusu degedege, malaria kali na matatizo wakati wa kuzaliwa.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha wa malipo kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Kwa mtoto mwenye usonji, miaka hiyo ndiyo yenye thamani kubwa, hivyo kuchelewa kunamnyima muda wa kujifunza pamoja na nafuu ya gharama. Baada ya umri huo familia hutegemea bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeweka msingi wa kila mkazi kuwa na bima. Kwa kuwa bima hulipia huduma zilizomo katika kitita chake, mzazi anashauriwa kuuliza mapema ni vikao vipi vya utengamao vinavyolipiwa.

Mlango wa tatu: shule

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya matunzo maalumu, matibabu, utengamao na fursa sawa ya elimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaimarisha haki hizo. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unaelekeza watoto wabainishwe mapema na wapokelewe katika shule zilizo karibu nao. Katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, mwalimu aliyesomea fani hiyo, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, hutumia ratiba za picha, hatua ndogo na pongezi. Kwa watoto wengi, hiyo ndiyo tiba ya tabia pekee inayolipiwa na umma kila siku ya wiki.

Pengo lililobaki

Wataalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wanaomfundisha mtoto stadi za maisha ya kila siku, kwa miaka mingi walifundishwa KCMC mjini Moshi pekee. Wataalamu wa usemi na lugha ni wachache zaidi. Nyanda za Juu Kusini zina vyuo vinavyoweza kusaidia kuziba pengo hilo: Chuo Kikuu cha Iringa, kinachofundisha saikolojia ya ushauri, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na Chuo cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Mbeya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kufikia wahudumu 137,294, unatoa nafasi ya kufika nyumbani kwa mtoto. Mhudumu anayezijua dalili anaweza kumfikia mtoto aliyefichwa ndani kabla hajatimiza miaka 3.

Mzazi aanzie wapi

Mzazi mwenye wasiwasi aende kliniki na kadi ya mtoto bila kusubiri kwa matumaini kwamba mtoto "atasema tu". Aandike kwenye daftari maneno anayotamka, tabia zinazomtia shaka na tarehe zilipoanza. Aombe rufaa kwa maandishi na kipimo cha usikivu. Amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, pamoja na afisa elimu maalumu, mapema kabla ya uandikishaji wa elimu ya awali. Wakati akisubiri miadi, achague stadi moja, kama kunawa au kuomba maji, aigawe katika hatua, aifundishe kila siku kwa utulivu na kumsifu mtoto kwa kila hatua anayoimudu.