Punje ya Njano Nyamakima

Hapa Nyamakima, Nairobi, mteja akiona punje ya njano ndani ya gunia la mahindi meupe, huuliza, "Mzee, hii si GMO?" Mara nyingi ni chavua tu iliyopeperushwa kutoka shamba la jirani. Lakini swali lina historia. Ukame wa 1984 ulipokausha mashamba, serikali iliagiza mahindi ya njano kutoka nje, mengi yakiwa ya Marekani. Tuliyala shingo upande. Wengi waliyaita chakula cha mifugo. Wakati huo hapakuwa na mahindi ya GMO popote duniani: yalianza kulimwa kibiashara Marekani 1996. Hofu ya GMO ilipokuja baadaye, ilikuta chuki imeshakaa.

Na rangi yenyewe haisemi kitu. Afrika Kusini hulima mahindi meupe ya GMO tangu 2001, na ukiyachanganya na ya Kitale, hata mimi niliyezeekea kwenye nafaka sitayatenga. Ndiyo maana nilizipokea vizuri kanuni za lebo za 2012: chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe hivyo. Mwaka haujaisha, mwezi Novemba, baraza la mawaziri la Rais Kibaki likapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Sababu: mtafiti Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa alikuwa amechapisha utafiti kuhusu mahindi ya GMO, wenye picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Jarida liliufuta utafiti huo 2013. Marufuku ikadumu karibu miaka kumi. Tukawa na kanuni za lebo, cha kubandikia hakuna.

Oktoba 2022, ukame mwingine, serikali ya Ruto ikaondoa marufuku. Kesi zikafuatana, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha tena uagizaji, rufaa ikisubiri kusikilizwa.

Mimi lebo naitaka. Anayekula ana haki ya kujua. Ila nahisi walioziandika kanuni waliona pakiti ya supamaketi. Huku kwetu mahindi ya Kitale, ya Uganda na ya Tanzania humwagwa kwenye turubai moja, hupimwa kwa mkebe wa gorogoro, kisha mteja huyapeleka kusagisha mtaani kwake. Asilimia 1 haionekani kwa macho, wala haipatikani kwa kuonja, inataka maabara. Gharama ya maabara mwenye duka ataipandisha kwenye bei ya gorogoro, na mama wa mtaa wa mabanda wa Mukuru anayenunua nusu gorogoro ndiye atakayeilipa.