Sanamu za madubwana ya sinema, ukusanyaji wa

Shughuli hii, ambayo asili yake ni Japani, ilipata msingi mwaka 1966, kampuni ya Marusan ilipotoa sanamu za plastiki laini za Godzilla, dubwana lililodhihiri katika filamu ya studio ya Toho ya mwaka 1954. Na Marusan ilipofilisika, kampuni ya Bullmark ikairithi kazi hiyo. Mkusanyaji hodari huipindua sanamu kwanza, asome mhuri ulio nyayoni, kisha huikagua rangi iliyopulizwa mgongoni, kwani ikipakwa upya thamani huporomoka. Mbali na madubwana hayo ya kubuni, watu wa Sumbawanga, Tanzania, wana jitu la hakika jirani yao, kusini mwa bonde la ufa lililo chini ya genge la Lyamba lya Mfipa: Rukwatitan, dinosaria mla majani aliyepewa jina mwaka 2014, naye anastahiki sanamu yake mikononi mwa watoto wa Ufipa.