"Fungua seva" sawa, lakini funguo ziko kwa nani?

Kila baada ya uchaguzi hapa Kenya lazima mtu aseme "fungueni seva!" Tunashangilia, tunabishana usiku kucha, na wengi wetu hatujui kinachofunguliwa ni nini. Leo naongea kuhusu akaunti na ruhusa, manake ugomvi wote uko hapo. Kaeni hapa kidogo.

Twende MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta moja kubwa, watu wengi wanaigawana kupitia mfumo wa CTSS uliosimamiwa na Fernando Corbató. Kila mtu akapewa jina na nywila, apate faili zake na muda wake.

Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamifu, Allan Scherr, aliona saa zake za wiki hazimtoshi. Hakuvunja kitu. Aliomba mashine imchapishie faili lenye nywila zote, ikachapisha, akaanza kula muda wa wenzake. Simpo hivyo.

1966 ikawa kichekesho. Msimamizi mmoja alikuwa anahariri ujumbe wa salamu, mwingine anahariri faili la nywila, wakati uleule. Mafaili yao ya muda yakabadilishana. Kila aliyeingia akasalimiwa na orodha ya nywila za watu wote!

Kisha ikaja Unix, iliyoanza 1969 pale Bell Labs, na akaunti yake kuu inayoitwa "root". Mwenye root anasoma kila kitu, anabadilisha, anafuta. Akitaka, anafuta hata kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha kwamba aliingia. Ndiyo maana wasimamizi makini hutuma nakala za kumbukumbu hizo kwenye mashine nyingine ambayo huyo mwenye root hana ruhusa nayo. Hii mtu wa siasa hakwambii.

Sasa nyumbani. Agosti 2017 Mahakama ya Juu iliamuru walalamishi wapewe ruhusa ya kusoma tu, bila kugusa, kumbukumbu za seva za tume. Tume haikutii kikamilifu, na mahakama ikaihesabia hilo. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa.

Siku chache baadaye ikavuja memo ya ndani ya tume. Mwenyekiti alikuwa anahoji kwa nini akaunti ilifunguliwa kwa jina lake bila yeye kujua, ikatumika zaidi ya mara 9,000. Mimi naona hiyo memo ilistahili mjadala kuliko hadithi zote za ati wadukuzi. Mdukuzi anaingia kwa dirisha. Akaunti yenye jina lako inaingia kwa mlango, na daftari linaandika ni wewe.

2022 mahakama hiyohiyo haikukubali madai ya udukuzi. Lakini ilipendekeza kwamba wakati wa uchaguzi, seva za fomu za matokeo ziguswe na wafanyakazi wa tume pekee, isipokuwa pale inapolazimu kabisa.

Kwa hivyo 2027, yeyote akikupigia kelele za seva, awe wa upande wako ama wa ule mwingine, muulize: root ziko ngapi, zimesajiliwa kwa majina ya nani, na nakala za kumbukumbu ziko kwa mashine gani?