Kibuyu, Jina na Kaburi: Kunta Kinte kutoka Kitabuni hadi kwenye Televisheni

1. Utangulizi

Anayelinganisha kitabu na tamthilia ya televisheni iliyotokana nacho huanza, mara nyingi, kwa kuhesabu yaliyopunguzwa na yaliyoongezwa. Hesabu hiyo ina faida yake, lakini haituelezi kwa nini mhusika mwenye jina lilelile na mikasa ileile anatoka kwenye kioo akiwa mtu mwingine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mhusika hubadilika zaidi kwa njia mbili: kwanza, anapobadilishiwa macho yanayomtazama, pili, inapobadilishwa mipaka ya yale ambayo yeye na sisi tunaruhusiwa kuyajua.

Mfano wetu ni Roots, kitabu cha Alex Haley kilichotolewa Marekani mwaka 1976, ambacho wasomaji wa Kifaransa wanakifahamu kwa jina la Racines. Televisheni ya ABC ilionyesha tamthilia yake kwa usiku nane mfululizo, tangu tarehe 23 hadi 30 Januari 1977. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 100 walitazama sehemu ya mwisho. Mwaka 2016 hadithi hiyo ilitengenezwa upya kwa usiku nne.

Tahadhari moja inahitajika. Kitabu chenyewe si hati ya historia isiyo na dosari. Mwaka 1978 Haley alimaliza nje ya hukumu kesi iliyofunguliwa na Harold Courlander, akikubali kwamba vifungu vya riwaya yake The African vilikuwa vimeingia katika Roots. Nao wanahistoria wamekosoa sehemu ya nasaba aliyoijenga. Kwa hiyo hatuweki ukweli upande mmoja na uongo upande wa pili. Tunalinganisha namna mbili za kusimulia.

2. Nahodha apewa dhamiri

Kunta Kinte wa kitabuni anazaliwa Juffure, nchini Gambia, mwaka 1750. Anatekwa mwaka 1767 akikata gogo la kutengenezea ngoma. Tangu hapo msomaji amefungwa naye gizani ndani ya tumbo la meli. Anasikia anachosikia yeye, na maneno ya wazungu yanamfikia kama sauti zisizo na maana. Mateka wa lugha mbalimbali wanapitishiana habari kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka wageni wanaanza kuelewana. Nahodha anaonekana kwa nadra, na moyo wake hatuujui, kwa sababu Kunta hana njia ya kuujua.

Tamthilia ya 1977 inapanda ngazi na kuingia katika chumba cha nahodha. Humo tunamkuta Thomas Davies, aliyeigizwa na Edward Asner: mcha Mungu, anayesafirisha watumwa kwa mara ya kwanza, na anayesumbuliwa na dhamiri. Mwandishi mkuu wa tamthilia, William Blinn, alieleza baadaye kwamba waliona si busara kuonyesha saa kadhaa za simulizi hiyo bila mzungu yeyote ambaye mtazamaji angeweza kujiona ndani yake. Sababu hiyo inaeleweka kibiashara. Hata hivyo, tazama matokeo yake kwa Kunta. Kitabuni yeye ndiye anayewatazama wazungu na kuwahukumu. Kwenye televisheni anakuwa mmoja wa wale ambao nahodha anawahurumia. Hajapoteza hata tendo moja, lakini amepoteza cheo chake cha kuwa shahidi.

3. Jina

Muulize yeyote aliyeiona tamthilia ni tukio gani analolikumbuka. Atataja kijana aliyefungwa mikono, anayechapwa mjeledi hadi akubali kujiita Toby. Kitabuni jina hilo linaletwa kwa namna nyingine kabisa. Mtumwa mweusi anamnyooshea Kunta kidole na kumwambia kwamba huyo ni Toby, kwa kuwa bwana amesema hivyo. Kunta haelewi kwanza. Anapoelewa, hasira inamjaa kimyakimya. Mijeledi ipo kitabuni, tena mingi, lakini haikuandaliwa kuwa mtihani wa jina mbele ya hadhara.

Hapa tamthilia imeongeza jambo lenye thamani. Chuki ya ndani haipigwi picha. Ilibidi itafutiwe umbo la kuonekana. Kwa tukio hilo mamilioni ya watu walifahamu kwamba kumwita mtu jina jipya kunaweza kuwa namna ya kumpora. Lakini kuna gharama. Kunta wa kitabuni anavunjwa na mazoea: sauti ya kila siku, inayotoka kinywani mwa mweusi mwenziwe, isiyohitaji mjeledi. Ukatili wa desturi ni mgumu kuonyeshwa kuliko ukatili wa dakika tano. Nao ndio uliodumu.

Inafaa pia kutaja kwamba wenye mashamba walibadilishiwa majina katika tamthilia ya 1977. Ndugu Waller wa kitabuni waliitwa Reynolds, na Tom Lea akaitwa Moore. Katika simulizi ambayo kiini chake ni haki ya mtu kubaki na jina lake, majina ya mabwana ndiyo yaliyofunikwa. Toleo la 2016 liliyarudisha.

4. Kaburi

Badiliko zito kuliko yote linamhusu Kizzy, binti wa Kunta. Akiwa na miaka 16 anauzwa kwa sababu ya kumwandikia kijana Noah hati ya kutorokea. Kitabuni Kunta anachota vumbi la nyayo zake, kwa imani kwamba kulihifadhi kutamrudisha mwanawe. Kisha anatambua kwamba hatarudi. Anakivunja kibuyu alichokuwa akitia kijiwe kila mwezi mwandamo ili kuhesabu umri wake, na vijiwe vinatawanyika. Baada ya ukurasa huo hatumwoni tena. Simulizi inamfuata Kizzy, naye hapati kamwe kujua wazazi wake waliishia wapi. Msomaji naye hajui. Mtu tuliyeishi naye kwa mamia ya kurasa anafutika kana kwamba mlango umefungwa.

Tamthilia ya 1977 haikuweza kuvumilia kimya hicho. Kizzy aliyekwisha kuwa mtu mzima anarudi kwenye shamba la zamani, anaona kaburi lililoandikwa Toby, analifuta jina hilo na kuandika Kunta Kinte. Ni tukio linaloliza, na mwigizaji Leslie Uggams alilitenda kwa heshima kubwa. Lakini linampa Kizzy kile ambacho biashara ya watumwa iliwanyima watu wa aina yake: habari, mahali pa kusimama, na mwisho wa kilio. Kizzy wa kitabuni ni yatima asiyejua kama ni yatima. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na historia.

5. Hitimisho

Toleo la 2016 lilimwondolea nahodha ile nafasi ya dhamiri, likamfanya Kunta mpanda farasi na mpiganaji anayemfundisha binti yake kupigana. Kila kizazi humtaka Kunta wake: mwaka 1977 alitakiwa ahurumiwe, mwaka 2016 alitakiwa astahiwe.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kongo pande zote mbili. Magharibi, sehemu kubwa ya mateka waliovushwa Atlantiki walitoka pwani za Kongo na Angola. Mashariki, lugha hii tunayoandikia iliingia Maniema pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yamejaa machifu na wafanyabiashara wenye majina. Mateka wengi wamepita humo bila jina. Atakayetaka kuyageuza maisha hayo kuwa tamthilia atashawishika kuwatungia majina, nyuso na makaburi. Majina na nyuso awape, kwa maana bila hivyo watabaki kuwa umati. Kuhusu makaburi, na afikiri mara mbili. Pale ambapo jamaa hawakuambiwa kitu, mtazamaji naye aachwe asiambiwe, ili apate kuonja kidogo ya yale waliyoyabeba.