Kitabu cha kwenye simu au cha karatasi? Tanga wameshajaribu

Ukipita Hale, wilayani Korogwe, kwenye barabara ya Segera kwenda Tanga, utaona mkonge na nguzo za umeme. Kituo cha umeme wa maji cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kinatumia maji ya Mto Pangani tangu 1964. Kwa hiyo umeme si jambo geni hapa. Kazi ipo kwa mzazi mwenye hela ya kitu kimoja tu: amnunulie mtoto kitabu, au aweke bando mtoto asomee kwenye simu?

Swali hilo linaulizwa nchi nzima. Ila mkoa wa Tanga una historia yake kwenye hili.

Vijiji 170, watoto karibu 3,000

Kuanzia mwishoni mwa 2017, vijiji 170 vya mkoa huu, vikiwemo vya wilaya za Korogwe na Handeni, viliingia kwenye majaribio ya shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Zawadi ilikuwa jumla ya dola milioni 15 za Marekani, na fedha zilitoka kwa Elon Musk. Google ilitoa vishikwambi. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na Serikali ya Tanzania walisimamia kazi vijijini. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, vilijengwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua.

Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu kusimama mbele yao. Kabla ya kuanza, asilimia 74 walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwa wakisomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10.

Tuelewane hapa: hayo hayakuwa mashindano kati ya kishikwambi na kitabu. Wengi wa watoto hao hawakuwa na cha kulinganisha. Kioo kilifika mahali ambapo kitabu hakikuwa kimefika, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Lakini nusu ya pili ya hesabu nayo isomwe: miezi 15 ilipita, na wengi bado hawakuweza kusoma hata hilo neno moja. Kifaa kizuri, chaji ipo, bado haikutosha kwa kila mtoto.

Ukishajua kusoma, mambo yanabadilika

Kwa mwanafunzi wa sekondari au chuo swali ni jingine: kipi kinakaa kichwani?

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walikusanya matokeo ya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa vizuri zaidi kuliko waliosoma maandishi yaleyale kwenye kioo. Tofauti haikuwa kubwa sana, ila ilijirudia. Ilikuwa kubwa zaidi pale msomaji alipobanwa na muda, yaani hali ileile ya usiku wa kuamkia mtihani.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa riwaya watalifurahia. Tofauti hiyo ilionekana kwenye maandishi ya maarifa, kama Biolojia au Historia. Kwenye hadithi haikuonekana. Kwa hiyo kama unasoma simulizi kwenye simu ukiwa ndani ya basi, endelea, hupotezi kitu.

Kwa nini kioo kinazidiwa? Maelezo yanayotolewa sana ni haraka. Kwenye simu tumezoea kuperuzi: kidole kinateleza, jicho linaruka, na mtu anajiona ameelewa kabla hajaelewa. Kitabu cha karatasi kina mahali. Unakumbuka kwamba ule mchoro wa moyo ulikuwa upande wa kushoto, chini, karibu na doa la chai. Kwenye simu kila ukurasa unafanana na mwingine, halafu meseji ya WhatsApp inaingia.

Usingizi nao umo. Utafiti mdogo wa Marekani, wenye watu 12 tu, uliochapishwa 2015, ulionyesha kwamba waliosoma kwenye kioo chenye mwanga kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika 10 kuliko waliosoma kitabu cha kawaida.

Hesabu ya bando

Watu wengi hulalamika kwamba vitabu vya mtandaoni "vinakula bando". Inategemea faili. Riwaya ya maandishi matupu kwenye mfumo wa EPUB mara nyingi haifiki hata MB 1 au 2. Kinachomaliza bando ni PDF ya kitabu kilichoskaniwa, ambapo kila ukurasa ni picha. Hiyo inaweza kufika makumi ya MB, na juu ya hapo inasumbua kwenye simu ndogo: unakuza, unasogeza kulia, unarudi kushoto, mstari umeupoteza. EPUB hujipanga yenyewe kulingana na kioo, na maandishi unayakuza utakavyo. Kwa mwenye uoni hafifu, hilo peke yake linatosha kuchagua simu.

Vitabu vya kiada vya shule vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Gharama yako ni intaneti. Walimu nao walipata msukumo baada ya vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 kugawiwa kwao.

Nani mwenye kitabu?

Hapa karatasi inashinda waziwazi. Kitabu ulichonunua anakisoma kaka, kinakwenda kwa mdogo wake, kisha kwa mtoto wa jirani, na mwisho unaweza kukiuza. Adui zake ni mvua, mchwa na anayeazima asirudishe.

Kitabu cha kielektroniki mara nyingi unalipia ruhusa ya kukisoma tu. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za *1984* ya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Walirudishiwa hela, lakini kitabu kiliondoka mikononi mwao wakiwa hawajaulizwa.

Na zile PDF za riwaya zinazozunguka kwenye magrupu? Kusambaza kazi ya mwandishi bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwandishi wa Kiswahili anayeuza nakala chache ndiye anayeumia zaidi.

Njia ya katikati

Kama kitabu chote hukiwezi, kuna kitu ambacho wanafunzi wengi wanakifanya tayari. Wanasoma notsi zao zote kwenye simu, wanaweka alama kwenye mada ngumu, kisha wanaprinti kurasa hizo tu. Ukifika steshenari, tuma faili, taja namba za kurasa, na omba zitoke mbele na nyuma ili karatasi ziwe nusu. Nenda na kalamu. Pembeni pa ukurasa ndipo utakapoandika maswali ya kumuuliza mwalimu Jumatatu.