Nuru ya Bi Harusi: Historia ya Taa na Kivuli Katika Picha za Pwani

Msimu wa harusi ukifika, sisi tunaoshona magauni hapa Magogoni, Dar es Salaam, tunawaona wengi wenu mkishuka kwenye boti kutoka Unguja na kwenda Kariakoo kutafuta satini na lesi. Baada ya gauni, swali ni picha: wapi watatupiga zikatoka na ule mwanga wa kupendeza? Mwanga huo una historia ndefu, na sehemu yake kubwa ni yetu.

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, aliandika Kitab al-Manazir akaeleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Alichunguza jinsi mwanga unavyopenya tundu dogo na kuingia kwenye chumba chenye giza. Neno kamera lenyewe kwa Kilatini ni chumba. Basi picha tangu asili ni jambo la chumbani: kwanza giza, kisha mwanga ule tu unaoruhusiwa kuingia.

Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19. Maarufu ilikuwa ya A. C. Gomes, Mgoa, ambaye kampuni yake ilifanya kazi pia Dar es Salaam. Wapiga picha wa enzi hizo walitegemea jua. Walitumia madirisha makubwa na mapazia, wakiongeza mwanga upande mmoja na kuupunguza upande wa pili, na anayepigwa alikaa bila kutikisika. Umeme wa umma ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Taa zilipoingia studio, mpiga picha akawa na jua lake mwenyewe, analiweka anapotaka.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Unguja. Mwaka 1942 N. V. Parekh akafungua yake Mombasa. Vijana walikuwa wakitazama sinema za Bombay na Hollywood, nao walitaka kutoka kama nyota wale. Parekh alicheza na taa na vivuli mpaka mtu wa kawaida akatoka kama yuko kwenye sinema. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe. Yeye alikata picha na kuziunganisha, uso wa mtu ukaonekana umechanua ndani ya ua.

Ufundi wa taa wenyewe si mgumu kuuelewa. Taa ya pembeni huacha kivuli upande wa pili, uso ukapata umbo. Taa ya nyuma huchora ukingo wa shela likajitenga na ukuta. Taa kali ya mbele hufuta kila kitu: satini inameremeta vibaya, maua ya lesi yanapotea. Hina na piko pia hupendeza kwa mwanga laini wa ubavuni.

Kuna jambo jingine ambalo mama zetu hawakuambiwa. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa picha za wanawake weupe. Kodak ilikuwa na kadi maalumu za kupimia, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli kitupu, na lawama akapewa mwenye ngozi. Dada, ukiambiwa upakwe poda nyeupe ili picha itoke, jibu kwamba taa ndiyo irekebishwe. Rangi aliyokupa Mola wako haina kasoro.

Lakini studio ya zamani ilikuwa na kitu kimoja zaidi ya taa, nacho ni mlango. Wanawake wa Mombasa walikwenda na shoga zao, wakavua buibui ndani, wakapigwa na nguo zao nzuri. Picha ilikaa kwenye albamu au ndani ya sanduku, ikaonyeshwa kwa anayestahili. Leo taa zimezidi na mlango umeondoka. Mteja wetu mmoja alipigwa picha akiwa amepambwa, kichwa wazi, kwenye ukumbi wa wanawake watupu. Wiki mbili baadaye aliikuta imekuwa tangazo la biashara mtandaoni. Hakuna aliyemuuliza. Ilifutwa, lakini waliokwisha kuiona walikuwa wameiona.

Wanavyuoni wana maelezo yao kuhusu picha, waulizeni mnaowaamini. Sisi tunakumbusha kwamba katika Surat An-Nur, aya ya 31 inatufundisha stara na mapambo, na aya ya 35 ndiyo inayozungumzia nuru. Vyote viwili vimo katika sura moja.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, kubalianeni kwa maandishi: mpiga picha awe mwanamke, picha za ndani zisipandishwe popote, na nakala zote ukabidhiwe wewe. Simu za wageni zikusanywe mlangoni na somo au shangazi. Hapo ndipo uombe dirisha, taa ya pembeni, na kivuli upendacho.

Allah awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin.