Mama Mzazi na Mama wa Kambo katika Hadithi ya Snow White

Kila itokapo sinema mpya iliyotungwa katika hadithi ya kale, hukumu ya kwanza isikikayo ni kwamba hadithi imeharibiwa. Wanafunzi wangu nao huniuliza: ipi ni ya asili na ipi ni ya bandia? Swali lao ni jema, ila jibu lake si fupi kama watumainivyo. Hadithi ya Snow White yatosha kuwa mfano.

Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipiga chapa juzuu ya kwanza ya hadithi zao mwaka 1812. Katika chapa hiyo malkia atamani mtoto, amzaa, na binti atimizapo miaka saba na kumshinda kwa uzuri, malkia yule yule aamuru auawe. Mwindaji atakiwa alete mapafu na ini la mtoto kuwa ushahidi. Aleta ya nguruwe mwitu, na malkia ayala akidhani kwamba amla bintiye. Humo hamna mama wa kambo. Aliyezaa ndiye aliyetaka kuua.

Chapa ya pili, ya mwaka 1819, ilibadili jambo hili kwa maneno machache. Mama mzazi afariki mara baada ya kujifungua, mfalme aoa tena baada ya mwaka mmoja, na mke huyo mpya ndiye mwovu. Hivyo ndivyo ilivyobaki mpaka chapa ya saba ya mwaka 1857, ambayo watu wengi huiita asili. Hadithi ya Hansel na Gretel nayo ilipatwa na mkasa huo: mwaka 1812 aliyetaka watoto watupwe mwituni alikuwa mama yao, katika chapa ya mwaka 1840 alikwisha kuwa mama wa kambo. Kitabu kile kilianza kuwa kazi ya wanazuoni, chenye maelezo ya kitaalamu, kikalaumiwa kuwa hakiwafai watoto. Ndipo Wilhelm alipoanza kukisafisha. Walakini uovu haukuondolewa. Ulihamishwa tu kutoka kwa mwanamke mmoja hadi kwa mwingine.

Sinema ya Walt Disney ilionyeshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937. Disney alikuwa ameitazama hadithi hii alipokuwa kijana mjini Kansas City, katika sinema isiyo na sauti ya mwaka 1916, nayo ilitokana na mchezo wa jukwaani. Picha yake ilifuta mengi. Kitabuni malkia amwendea binti mara tatu, kwa kamba za kifuani, kwa kitana na kwa tufaha. Katika picha tufaha peke yake latosha. Kitabuni alazimishwa kucheza ngoma katika viatu vya chuma cha moto mpaka afe. Katika picha aanguka jabalini. Mwaka 1812 binti aliamka kwa pigo la mtumishi aliyechoka kubeba jeneza. Tangu mwaka 1819 aliamka kwa sababu wachukuzi walijikwaa. Mwaka 1937 aliamka kwa busu, ambalo ni mali ya hadithi ya binti aliyelala miaka mia.

Lakini katika mageuzi yote hayo hakuna aliyemrudisha mama mahali pake. Sinema za Marekani za mwaka 2012 na ile ya mwaka 2025 zilithubutu mengi, hata mojawapo ikamvika binti deraya na kumpa upanga. Mama wa kambo zilimwacha pale pale Wilhelm alipomweka.

Jambo hili si dogo. Mwanamke aleaye mtoto asiyemzaa huketi naye mbele ya picha, na taa ziwakapo mtoto humtazama kwa jicho jingine. Na yuko mtoto wa pili, yule adhulumiwaye na mama yake mwenyewe. Huyu hapati hadithi imwaminiyo. Chapa ya mwaka 1812 ilikuwa shahidi wake. Chapa ya mwaka 1819 ilimnyamazisha shahidi huyo, na sinema haikumuita tena.

Hata hivyo tusiiabudu chapa ya kwanza. Ndugu hao walipata hadithi zao nyingi kwa mabinti wa jamaa zenye elimu mjini Kassel, nao walizisikia kwa wengine. Hadithi ya mdomo haina mwanzo ambao mtu aweza kuushika mkononi. Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wasiishie kuuliza kama sinema yafanana na kitabu. Kwanza waulize ni chapa ipi. Kisha waulize kila badiliko lilimkinga nani, na lilimtwika nani lawama. Aliyetwikwa lawama katika hadithi hii angali akiibeba.